Vidole Masikioni: Dini, Jirani na Sikio Lisilostahimili Kelele

Miongoni mwa maswali ambayo maadili ya dini huyajibu upesi kuliko yanavyostahili ni lile la kiasi cha udhia ambacho mtu mmoja analazimika kukivumilia ili wengi waendelee na ibada, biashara na sherehe zao. Jibu lililozoeleka, ambalo husikika misikitini na makanisani na hata katika ofisi za serikali za mitaa, ni kwamba udhia hupimwa kwa mtu wa kawaida, yaani mtu mwenye afya njema na subira ya wastani, na kwamba anayeumia pale ambapo wenzake hawaumii atafute tiba, ahame au anyamaze. Jibu hilo lina mantiki yake, kwa kuwa jamii haiwezi kuendeshwa kwa kufuata malalamiko ya kila mtu, lakini haliendani na kipimo ambacho Uislamu na Ukristo vimekitumia katika mambo mengine ya jumuiya. Anayeidhihirisha tofauti hiyo kuliko wengine ni mtu mwenye sikio lisilostahimili sauti, anayeishi Kariakoo, Eastleigh au mtaa wowote wa Afrika Mashariki ambao ukuta wa nyumba moja ndio ukuta wa nyumba ya pili.

Hali yenyewe ina sura zaidi ya moja, na kuzichanganya ni chanzo cha hukumu nyingi zisizo za haki. Haiparakusisi ni hali ambayo sauti za kila siku, kama vile sahani kugongana, mlango kufungwa au mtoto kulia, humfikia mhusika zikiwa kubwa kupita kiasi au zikiwa na maumivu halisi ya mwili. Sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho kila ongezeko la 10 huonyesha nguvu ya sauti iliyozidishwa mara kumi. Mazungumzo ya kawaida hufikia desibeli 60 hivi, na watu wengi hawaoni sauti kuwa haivumiliki mpaka ikaribie 100, ilhali mwenye haiparakusisi anaweza kuufikia mpaka huo wakati wenzake bado wanazungumza mezani kwa furaha. Misofonia, jina lililoanza kutumiwa mwaka 2001 na watafiti Margaret na Pawel Jastreboff, ni jambo jingine, kwa kuwa hapo tatizo si ukubwa wa sauti bali aina yake: sauti ndogo ya mtu anayetafuna, anayevuta kamasi au anayebofya kalamu huamsha hasira au hofu ambayo mhusika hakuichagua, na ambayo mara nyingi anaionea aibu. Usikivu uliopita kiasi huwapata pia watu wengi wenye usonji, wenye kipandauso, waliojeruhiwa kichwa, na wale ambao neva ya uso imepooza, kwa sababu neva hiyo ndiyo huendesha msuli mdogo unaokaza mifupa ya sikio la kati pale sauti kubwa inapoingia.

Jambo linalowachanganya ndugu na majirani ni kwamba mgonjwa wa namna hii, akipimwa usikivu hospitalini, anaweza kuambiwa kuwa masikio yake ni mazima. Maelezo yanayotolewa na wataalamu wengi ni kwamba kasoro haiko katika kusikia, bali katika ubongo, ambao, pengine baada ya kupokea ishara pungufu kutoka katika sikio lililochoshwa na kelele, huongeza wenyewe nguvu ya kila kinachoingia, na baadaye hushindwa kuipunguza. Mtu huyo basi hana alama ya kuonyesha. Hana fimbo wala bandeji, na jamii isiyoona jeraha humtafutia maelezo mengine.

Maelezo yanayopatikana kwanza huwa ya kiroho. Kwa Waislamu wengi wa mwambao, mtu anayehangaika Qurani inaposomwa kwa sauti hudhaniwa kuwa ana jini, na tiba inayofuata, yaani ruqya, ambayo ni kumsomea mgonjwa aya na dua, mara nyingi hufanywa karibu kabisa na sikio lake. Katika makanisa ya kilokole, anayeziba masikio au kutoka nje wakati wa kusifu na kuabudu hudhaniwa kuwa ana mapepo, na maombezi atakayofanyiwa huwa ya sauti ya juu zaidi kuliko zile nyimbo alizozikimbia. Dawa anayopewa ni ile ile inayomuumiza, na kila anavyozidi kujikunyata ndivyo ushahidi dhidi yake unavyozidi kukamilika machoni pa wanaomwombea. Ni vigumu kubuni mtego wa kimantiki uliofungwa vizuri kuliko huu, na wanaoutega huwa wanafanya hivyo kwa mapenzi ya dhati.

Inafaa kukiri kwamba tafsiri hiyo haikutoka hewani. Surat Nuh, katika aya ya 7, inawataja watu wa Nabii Nuhu waliotia vidole masikioni ili wasiusikie wito wake, na kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 7, kinaeleza jinsi waliomuua Stefano walivyoziba masikio kabla ya kumrukia. Katika maandiko yote mawili kuziba sikio ni ishara ya moyo uliokataa. Lakini mapokeo hayo hayo yanakijua kitendo hicho kwa maana nyingine kabisa, kwani muadhini mwenyewe, kwa kufuata desturi inayonasibishwa na Bilal bin Rabah, muadhini wa Mtume Muhammad, huweka vidole masikioni anapoadhini, na hakuna aliyewahi kusema kwamba anaikataa adhana anayoitoa. Kitendo cha mwili, kikitengwa na nia ya mwenye kukitenda, hakithibitishi imani wala ukafiri, na hilo ni jambo ambalo wanafunzi wa fiqhi hufundishwa mapema, kwa kuwa hadithi ya kwanza katika mkusanyiko wa Bukhari inahusu nia. Anayeziba masikio kwa maumivu amefanya tendo la tabibu wa nafsi yake, na kumhukumu kwa aya iliyoteremshwa juu ya wakaidi ni kuisoma aya kwa macho tu.

Upande wa pili wa tatizo ni sauti yenyewe, na hapa historia ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kwa karne nyingi wito wa dini ulikuwa na mpaka uliowekwa na maumbile: koo la mwanadamu, ngoma au kengele vilifika mahali fulani, vikachoka, vikanyamaza. Maandiko yote makuu ya dini hizi, pamoja na hukumu zote za zamani kuhusu ujirani, yaliandikwa chini ya mpaka huo, ambao haukuhitaji kutajwa kwa sababu haukuweza kuvukwa. Kipaza sauti cha umeme kiliuondoa mpaka huo katika karne ya 20 bila mjadala mkubwa wa kitheolojia kutangulia, na leo mtaa mmoja unaweza kuwa na spika za msikiti, za kanisa la turubai lenye mkesha wa Ijumaa, za baa, za ngoma ya kigodoro inayokesha hadi alfajiri, na za mchuuzi wa dawa ya panya, mende na kunguni ambaye hata kinywa hakifungui tena, kwa kuwa sauti yake iliyorekodiwa inajirudia yenyewe kutwa nzima. Anayetumia vyombo hivyo bado hujiona kama anayetumia koo, na huhesabu haki yake kwa kipimo cha koo. Hapo ndipo kosa lilipo.

Wanazuoni wa zamani, ingawa hawakuijua spika, waliukuta mzozo wa mtu mwenye kutoa udhia na jirani mwenye kuupokea. Imam Yahya bin Sharaf an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj at-Talibin ni miongoni mwa nguzo za madhehebu ya Kishafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, aliona kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mtu anaruhusiwa kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo katika soko la wauza nguo kuwa karakana ya mhunzi, mradi achukue tahadhari na aziimarishe kuta. Anayeisoma hukumu hiyo harakaharaka huona ruhusa tu, na kweli imetumiwa na watu wa namna hiyo. Lakini sharti lake ndilo lenye uzito katika suala hili, kwa kuwa linamtwika gharama ya ukuta mhunzi, yaani mwenye kugonga nyundo, wala halimtaki jirani ajenge ukuta wala anunue pamba ya kuziba masikio.

Sheria ya Kiingereza, ambayo nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza ziliipokea wakati wa ukoloni na ambayo bado ni msingi wa kesi zao za udhia baina ya majirani, ilichukua njia nyingine. Katika kesi ya Heath dhidi ya mji wa Brighton ya mwaka 1908, mahakama ilikataa kuuzuia mvumo wa mitambo ya umeme uliokuwa ukimtesa mchungaji kanisani mwake, kwa hoja kwamba kelele hiyo haikuwa ya kiasi cha kumvuruga mhudhuriaji wa kawaida wa ibada. Mtumishi wa Mungu alishindwa, katika nyumba ya Mungu, kwa sababu sikio lake halikuwa la kawaida. Kanuni iliyo nyuma ya hukumu hiyo, kwamba mwenye wepesi wa kuumia kupita wengine hawezi kuugeuza wepesi wake kuwa wajibu wa jirani, ndiyo hiyo hiyo inayorudiwa na mjumbe wa nyumba kumi anapompokea mlalamikaji, hata kama hajawahi kuisikia Brighton.

Swali la kidini ni kama kanuni hiyo, inayoweza kufaa mahakamani, inafaa pia kuwa kipimo cha muumini. Ushahidi wa mapokeo unaelekea upande mwingine. Mtume Muhammad, katika hadithi zilizo mashuhuri, alimkemea Muadh bin Jabal kwa kuirefusha sala, akikumbusha kwamba nyuma ya imamu wamo wanyonge, wazee na wenye shida zao. Alikuwa akiifupisha sala yake mwenyewe aliposikia kilio cha mtoto mchanga. Na alipomteua Uthman bin Abi al-As kuwa imamu wa watu wake, alimwagiza amfuate aliye dhaifu kuliko wote miongoni mwao. Huu si wastani. Ni kipimo kinachomchukua mtu wa mwisho wa safu kuwa ndiye anayeamua mwendo wa safu nzima, na kinahusu sala, ambayo ni nguzo ya dini, wala si mhadhara wa jioni au kaseti ya kaswida inayochezwa ili kuchangamsha mtaa. Kuhusu sauti hasa, imepokewa kwamba Mtume, akiwa katika itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ajili ya ibada, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti, akafunua pazia na kuwakataza wasiudhiane kwa kisomo, kwa kuwa kila mmoja wao anazungumza na Mola wake. Ikiwa kisomo cha Qurani ndani ya msikiti kiliweza kuhesabiwa kuwa udhia kwa Muislamu mwenzake aliyemo msikitini, haieleweki ni kwa hoja gani kitu kilicho chini ya kisomo hicho kitakosa kuwa udhia kwa mgonjwa aliye kitandani mwake.

Katika Ukristo kipimo hicho hakijafichika pia. Paulo, akiwaandikia Wakorintho kuhusu vyakula vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, aliukubali uhuru wa wenye nguvu kisha akauwekea mpaka kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu. Ni kweli kwamba udhaifu aliouzungumzia ulikuwa wa dhamiri, si wa mwili, lakini ingekuwa ajabu kama dhamiri isiyo na maarifa ingestahili heshima ambayo neva iliyojeruhiwa imenyimwa. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 27, kinafika mbali zaidi, kwani kinamtaja mtu anayeamka alfajiri na kumbariki rafiki yake kwa sauti kuu, na kinasema kwamba baraka hiyo itahesabiwa kuwa laana. Mwandishi wake aliona jambo ambalo wahubiri wengi hawalioni, kwamba uzuri wa ujumbe hauisafishi namna ya kuufikisha, na kwamba anayestahili kuulizwa kama ilikuwa baraka ni yule aliyeamshwa.

Hoja inayopinga mwelekeo huu ina nguvu, na haipaswi kupitwa kwa adabu tu. Sauti kubwa katika jamii za Afrika Mashariki si uchafu wa mazingira peke yake. Ndiyo njia ambayo msiba hutangazwa, harusi hupokelewa kwa vigelegele, na maskini asiye na ukumbi huipata nafasi yake barabarani. Zaburi ya mwisho inaita matoazi, na tarika ya Qadiriyya iliyoenea mwambaoni na bara hufanya dhikri ya sauti, ingawa Naqshbandiyya, tarika nyingine, imeshikilia dhikri ya moyoni. Marafiki, yaani Wakweka, ambao tangu karne ya 17 nchini Uingereza walijulikana kwa ibada ya kimya, walipofika Kaimosi magharibi mwa Kenya mwaka 1902 walizaa kanisa lenye nyimbo na mahubiri, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko zote duniani. Hakuna msingi wa kusema kwamba wao wamemkaribia Mungu kidogo kuliko wenzao wa London walioketi kimya.

Tena kimya kina historia yake ya kitabaka. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, alihama nyumba kwa sababu ya jogoo wa jirani, na mwaka 1784 alilalamikia tenzi za wafungwa wa jela iliyokuwa karibu na nyumba yake, akitaka waimbe madirisha yakiwa yamefungwa. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1790, aliufananisha muziki na leso yenye manukato, ambayo humlazimisha kila aliye karibu kuinusa atake asitake. Hoja ya leso ni sahihi, na haijapata jibu zuri hadi leo. Lakini Kant alikuwa na nyumba, mtumishi na masikio ya wakuu wa mji, na wafungwa hawakuwa na kitu isipokuwa sauti zao. Marcel Proust naye mwaka 1910 alikifunika kwa magome ya mti wa koki chumba alichokuwa akiandikia mjini Paris. Mpangaji wa chumba kimoja chini ya bati hawezi kufanya hivyo, na ni kosa kumjadili mwenye sikio gonjwa kana kwamba siku zote ni tajiri anayewaonea walalahoi. Mara nyingi yeye ni mlalahoi mwenzao, asiye hata na mlango wa pili wa kufunga. Methali ya kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji, anayotupiwa kila anapolalamika, ilitungwa kwa kumfikiria ng'ombe mwenye afya.

Lakini kuna jambo moja kutoka katika tiba linaloubadilisha mjadala wote. Wataalamu wa haiparakusisi huwaonya wagonjwa wasijifungie katika kimya kamili wala wasizibe masikio saa zote, kwa sababu ubongo ulionyimwa sauti huzidi kuongeza usikivu wake, na siku mgonjwa atakapotoka nje, hata nyayo za mpita njia zitamuumiza. Tiba inayotumika, pamoja na ushauri wa kisaikolojia unaolenga kubadili fikra na mwitikio, ni kumrejesha mtu taratibu katika sauti za kiasi, kwa hatua anazoweza kuzitawala. Maana yake ni kwamba mwenye ugonjwa huu hahitaji jangwa, na ushauri wa kumwambia ahamie shamba, hata ukitolewa kwa huruma, unaweza kuwa unamdhuru. Anahitaji majirani, ila majirani wenye kiasi.

Neno kutawala katika maelezo hayo lina uzito wake. David Glass na Jerome Singer, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1972 kwamba watu waliosikilizishwa kelele za ghafla zisizotabirika waliathirika zaidi katika kazi walizopewa baadaye kuliko wale walioambiwa kuwa wanaweza kuizima kelele kwa kubonyeza kitufe, ingawa hawa wa pili hawakukibonyeza. Kelele ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni kujua kwamba ina mwisho na kwamba mtu ana kauli juu yake. Katika maisha ya mtaani kitufe hicho si chombo, bali ni uhusiano: ni jirani anayetoa taarifa kwamba maulidi yatasomwa hadi saa tano usiku, na kweli yakaisha saa tano, au mzee wa kanisa ambaye akipigiwa simu hupokea. Ndiyo maana udhia ule ule wa desibeli huvumilika kwa aliyeombwa radhi mapema, na humvunja yule aliyepuuzwa.

Sheria za serikali haziwezi kufika hapo. Kenya ilitunga kanuni za kelele mwaka 2009, zikiweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku katika maeneo ya makazi, na Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2015. Zote ni za lazima, na zingetekelezwa kikamilifu zingewaponya wengi, lakini hupima kwa sikio la wastani, na utekelezaji wake huja kwa misako ya msimu. Rwanda mwaka 2018 ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali kwa sababu zilizojumuisha ubovu wa majengo na kelele, hatua iliyopata utulivu kwa kuiondoa ibada yenyewe mahali pake. Saudi Arabia, kinyume chake, mwezi Mei 2021 iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama, yaani wito wa kusimama kwa sala, tu, na zisizidi theluthi ya uwezo wake, ikitaja udhia kwa wagonjwa, wazee na watoto, na ikitegemea hadithi ile ile ya itikafu. Katika njia hizi mbili, ya pili ndiyo inayostahili kuigwa, kwa kuwa inaitoa hukumu ndani ya dini na inaiacha sala mahali pake.

Kamati za misikiti na mabaraza ya wazee wa makanisa ya Afrika Mashariki hayahitaji kusubiri waziri wala askari wa mazingira. Zigeuzeni spika za mihadhara, mikesha na mazoezi ya kwaya zielekee ndani kwa waliokuja kusikiliza. Utangazeni muda wa kila shughuli ya sauti na muutimize. Na kabla ya kumwombea au kumsomea mtu anayeziba masikio, mwulizeni kwanza, kwa sauti ya chini, panapouma.